Sinia la Hofu

Hapo zamani, zamani za nyuma kabisa, wakati hofu ilikuwa bado inapishwa njiani kama mtu mzima, palikuwa na mji ukiitwa Chokaani, na mji huo ulikuwa na Sultani jina lake Shekuwe. Mwanamume mrefu huyo, ndevu zimechanwa, kifua mbele, akipita hata mbuzi wanajitengeneza. Sifa yake ilikuwa moja tu: hajui kuogopa. Leo karudi vitani, kesho katoka tena, jambia lake halipati nafasi ya kushika kutu. Watu wakisema, "Sultani wetu moyo wake ni jiwe la kusagia," naye akisikia hivyo analala usingizi mzuri.

Na mji wenyewe, nakwambia, ulikuwa mji wa waoga. Si waoga wabaya, waoga wa heshima. Jua likishazama hakuna aliyemtaja nyoka kwa jina lake, walimwita kamba, maana ukimtaja anadhani umemwita. Usiku hawafagii. Mtu akiitwa gizani haitiki mara ya kwanza, anangoja aitwe tena, kwa kuwa shetani hana subira ya kurudia. Na mwanamume akimwona mkwewe, yaani mama wa mkewe, anatoka njiani, anaingia kichakani na kugeuza uso, hata kichaka kikiwa cha upupu. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu. Ukimwona kijana anajikuna mpaka anatoka damu, unajua huyo kalelewa.

Basi siku moja Sultani yumo barazani anakunywa kahawa, akaambiwa kwamba askari wake mmoja, jabali la mtu, mikono kama michi, kachelewa zamu kwa sababu alikutana na mkwewe sokoni, akajitupa ndani ya shimo la chokaa, na humo akabaki mpaka bibi alipomaliza kuchagua mchicha. Na yule bibi alikuwa mchaguzi. Askari alipotoka alikuwa mweupe kote, watoto wakamkimbia wakidhani mzimu.

Sultani akaweka kikombe chini. Akamwita waziri wake, mzee Ngwali, mtu mwembamba mwenye shingo ndefu ya kukubalia maneno, akamwambia, "Andika. Kuanzia leo katika mji wangu hapaogopwi kitu. Atakayeonekana anaogopa, awe nani, atauhama mji huu kwa miguu yake, mzigo kichwani, wala asirudi."

"Awe nani, Bwana?" akauliza Ngwali, kwa sababu waziri lazima aulize kidogo.

"Awe nani."

Mbiu ikapigwa, na hapo ndipo mji ulipoharibika. Loo, we acha tu. Watu wakaanza kufagia usiku kwa makusudi, vumbi limejaa mji, kila mtu anakohoa kwa ushujaa. Mwanamume mmoja akataja nyoka gizani mbele ya wenzake kuonyesha kwamba haogopi, na asubuhi kweli akamkuta nyoka ndani ya kiatu. Akakivaa hivyo hivyo, maana askari walikuwa wanamtazama. Nyoka mwenyewe ndiye aliyekimbia. Wakwe sasa, usiseme. Vijana wakawa wanakwenda ukweni mchana kweupe, wanaketi na mama wa wake zao kwenye mkeka mmoja, wanachovya mchuzi bakuli moja, wanasema, "Mama, nisogezee hilo paja la kuku." Bibi wa watu anasogeza paja huku anatazama mlango, na kijana anatafuna huku anatazama dari. Wote wawili hawaonji kitu. Wakiachana, kila mmoja anakwenda kulia kwake.

Sasa katika mji huo alikuwako mtu akiitwa Machano. Huyu alikuwa hana shamba, hana duka, hana hata kuku wa kumtukana. Kazi yake ilikuwa kuhudhuria. Pakiwa na harusi yupo, pakiwa na khitima yupo, mtoto akitahiriwa yupo, na kila alipokuwapo watu walicheka wakampa chakula. Na ndiye aliyekuwa mwoga wa kwanza Chokaani, wala hakuficha. Aliogopa radi, aliogopa punda, aliogopa jogoo wa jirani ambaye alisema ana macho ya mdai. Lakini hao wote ukiwajumlisha hawakufika nusu ya hofu aliyokuwa nayo kwa mkwewe, Bi Mwanatenga.

Bi Mwanatenga alikuwa somo, yule mama anayewafunda mabiharusi na kuwaingiza ndani, kwa hiyo alijua siri ya kila nyumba mjini, mpaka ya jumba la Sultani. Mwanamke mzito, mwendo wa taratibu, hana hata jino moja, na akimtazama mtu kimya mtu huyo anaanza kukiri mambo ambayo hata hajayafanya.

Ikawa asubuhi moja Machano yumo sokoni ananusa maandazi ya wenzake, akamwona Bi Mwanatenga anakuja. Kichaka hakuna. Chokaa imehamishwa. Akaona tenga la muuza nazi liko tupu, akaligeuza, akalivaa kichwani mpaka magotini, na tenga likaanza kukimbia. Watu wakaona tenga linapita kati ya wachinjaji, linapiga kona msikitini, linaomba radhi kwa kila linayemgonga. Mwisho likagonga askari.

Basi wakampeleka kwa Sultani akiwa bado ndani ya tenga, kwa sababu alikataa kutoka mpaka aambiwe mkwewe kapita.

"Wewe ndiwe Machano?" akauliza Sultani.

"Ndimi, Bwana wangu, uishi daima."

"Yasemekana wamwogopa mwanamke mzee asiye na meno."

"Bwana, angekuwa na meno ningejua ataniuma wapi. Huyu hana, kwa hiyo sijui."

Ngwali akakohoa ili asicheke. Sultani hakukohoa. Akasema, "Mimi nimekwenda vitani mara nyingi, nimelala porini, nimesimama mbele ya mikuki. Hofu sijapata kuiona hata siku moja. Nieleze, hofu ni kitu gani hata mwanamume mzima avae tenga?"

"Bwana wangu, mimi nayo tumezoeana lakini sura yake siijui vizuri. Ikija, huwa tayari nimefumba macho."

Watu barazani wakainama kutazama vidole vyao vya miguu. Sultani akaona anachezewa, akaona pia kwamba watu wanafurahi kuchezewa kwake, na hilo likamchoma zaidi. Akasema, "Vyema. Ikiwa hofu ni kitu, utaniletea hapa Ijumaa baada ya sala. Niione kwa macho yangu, niisikie kwa masikio yangu, niinuse kwa pua yangu, niionje kwa ulimi wangu mwenyewe. Ukiileta, nitakusamehe. Usipoileta, utauhama mji, na mkeo akitaka atakufuata, asipotaka nitamwoza kwa mtu mwenye moyo."

"Bwana, niilete mbichi au imepikwa?"

"Ilete kwenye sinia," akasema Sultani kwa hasira, "imefunikwa kawa, kama chakula cha wafalme."

Machano akarudi nyumbani kinyonge. Mkewe, Mize, alikuwa anapepeta mchele kibarazani. Mwanamke wa kucheka huyo, akicheka kuku wanaacha kudonoa. Akamsimulia yote, na Mize alicheka mpaka kwenye tenga, akacheka tena kwenye mbichi na kupikwa, lakini alipofika kwenye kuhama ungo ukatulia mikononi mwake.

"Nitakufuataje, mume wangu," akasema, "na mama hana mtoto mwingine? Nikimwacha nani atamsugua mgongo?"

"Usinifuate. Mimi nitakaa mpakani nikuimbie kwa mbali."

"Sauti yako hiyo? Watakuhamisha na mpakani." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akajifanya ni pumba za mchele. "Machano, we mwoga wangu. Nilikataa mashujaa kwa ajili yako. Mashujaa hawachekeshi. Nenda katafute hiyo hofu, hata ya kuazima."

Machano akachukua sinia, akatoka kweli kuazima. Mtu mwingine angesema maneno ya kuazima hofu ni mzaha, lakini yeye aliambiwa ailete, na nyumbani kwake iliyokuwako aliiona ndogo, haitoshi kwa Sultani. Akapita mlango kwa mlango. "Jirani, mna hofu kidogo mnisaidie? Nitarudisha." Kila mlango walimjibu kwa sauti kubwa ili askari wasikie, "Hapa kwetu hakuna kitu hicho." Kisha wanamvuta shati, wanamnong'oneza juu ya sinia. Mchinjaji ng'ombe akanong'ona kwamba anaogopa chura. Mwalimu wa chuo cha Kurani anaogopa mkewe anapokuwa mpole. Yule askari wa shimo la chokaa akasema, "Mimi naogopa kwamba watu watajua naogopa," na Machano akamwambia hiyo ni nzuri lakini haina harufu. Ngwali waziri alimngoja nyuma ya kisima. Akaangaza huku, akaangaza kule, akasema, "Mimi naogopa siku ambayo Bwana ataniuliza ninafikiri nini."

Ikafika magharibi na sinia bado jeupe. Machano akaketi njiani, akawaza kwamba mji mzima umejaa hofu hadi darini, lakini Sultani hataiona hata moja, maana ya mwenzio haiumi. Ya mwenzio ni kichekesho tu. Sultani anatakiwa kuletewa ya kwake. Na nani anajua ya kwake?  Anayejua siri za jumba lile ni mtu mmoja tu mjini.

"Siendi," akamwambia Mize.

"Utakwenda."

"Mke wangu, mimi na mama yako hatujapata kusemezana tangu nikuoe. Nikisikia anapiga chafya naomba msamaha."

"Basi jifunike."

Kesho yake asubuhi wakaenda. Machano alijifunga shuka kuanzia utosini mpaka visiginoni, akaingia kwa mkwewe kinyumenyume, akaketi chini kaelekea ukuta. Bi Mwanatenga naye akakaa kaelekea mlango. Mize katikati. Wakazungumza hivyo, kwa sababu mkwe na mkwe hawasemezani, mtu wa kati ndiye anayepokea neno na kulisogeza, ingawa wote wanasikia.

"Mwambie mumeo," akasema Bi Mwanatenga, "juzi nilimwona ndani ya tenga. Lilimpendeza."

"Mume wangu, mama anasema tenga lilikupendeza."

"Mwambie mama nashukuru." Shuka imeloa jasho. "Mwambie pia, kwa heshima yake, namuomba aniambie Sultani anaogopa nini, la sivyo Jumamosi sina mji wala mke."

Bi Mwanatenga akajivuta vizuri kwenye mkeka.  Kisha ikatoka sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mama yule, sauti kama birika linaloanza kuchemka. Kumbe anacheka, anakizuia kicheko kwa tumbo.

"Mwambie mumeo vita vyote alivyokwenda Sultani, atazame vilianza lini. Siku ya saba ya harusi yake, mama wa bibi harusi alipokuwa aje kuwaamkia, Sultani akaenda vitani. Mkewe, Bibi Arafa, alipojifungua, mama yake akaja amkande mpaka arobaini, Sultani akaenda vitani, na vita vikachukua arobaini hiyo hiyo. Idi kila mwaka, mama huyo akituma salamu kwamba anakuja, farasi wanatandikwa. Miji ya watu imevamiwa bila kosa. Wale hawana ugomvi na sisi hata kidogo, wanapigwa kwa sababu Bi Mboja, mkwewe huyo, anataka kumwona mwanawe."

Mize alikuwa amesahau kusogeza maneno, kaanguka ubavu, anapiga mkeka kwa kiganja.

"Na kisa chake ni nini?" akauliza Machano mwenyewe, moja kwa moja, kisha akaziba mdomo.

Bi Mwanatenga akajifanya hakusikia, akamwambia Mize, "Siku ya harusi, baada ya nikaha, Bi Mboja alikuwa chumbani anatandika. Mapazia yameshushwa, kiza. Akasikia mkwewe anaingia, pa kutokea hapana. Afanye nini mwanamke mwenye adabu? Akachutama pembeni, akajifunika shuka nyekundu ya harusi. Sultani akaingia, kachoka na joho, akaona takia kubwa jekundu, akaketi."

"Juu ya mkwewe," akasema Mize kwa shida.

"Juu ya mkwewe. Akanyoosha miguu. Akaagiza sharubati. Nami nimesimama mlangoni na ubani mkononi, nifanyeje? Nikisema, nimewafedhehesha wote wawili. Mwisho akainuka, shuka ikamwanguka bibi, wakatazamana uso kwa uso. Hakuna aliyesema neno, mkwe hasemezani na mkwe. Na mpaka leo Sultani hajui yule mama moyoni ana nini. Anadhani siku atakayomkuta, atamwambia jambo la kuvunja kiti cha enzi." Akashusha pumzi. "Bi Mboja yuko kwangu sasa hivi, chumba cha ndani, kaja kimyakimya ili mtu asitangaze vita. Mitalawanda yake ya mbao anayotembelea ile pale, na udi wake ule. Mwambie mumeo achukue anachotaka, tena akae wima, kumgeuzia mtu mgongo kwa muda mrefu kunavunja kiuno."

Ijumaa ikafika. Baada ya sala baraza likajaa mpaka madirishani, mji mzima umekuja kuona hofu inavyofanana. Machano akaingia na sinia kichwani, limefunikwa kawa la rangi, akaliweka mbele ya Sultani, akapiga magoti.

"Umeileta?" akauliza Sultani.

"Nimeileta, Bwana wangu. Ila hii si ya kufunuliwa kwa pupa. Italiwa kwa mpango: kwanza pua."

Akainua kawa kidogo, na chini yake palikuwa na chetezo, na kwenye chetezo udi wa Bi Mboja, ule anaouchanganya kwa mkono wake, hakuna mwingine duniani mwenye mchanganyiko ule. Moshi ukapanda. Sultani akavuta pumzi, akaitoa, akavuta tena taratibu, kama mtu anayesikia jina lake mbali.

"Waziri," akasema, "nani kafukiza hapa?"

Kabla Ngwali hajajibu, nyuma ya pazia, kwenye ngazi za mbao zinazotoka upande wa wanawake, ikasikika: ko. Kisha ko. Kisha ko, ko, ko, mwendo wa mama mzima aliyevaa mitalawanda ya mbao, hana haraka, ana lake la kusema.

Uso wa Sultani ulibadilika, jamani, rangi ilishuka kama maji ya kwenye mtungi uliotoboka. Akasema kwa sauti nyembamba, "Ngwali. Tandika farasi. Kuna vita kaskazini."

"Kaskazini tulikwisha suluhishana, Bwana."

"Basi kusini."

"Kusini ni bahari, Bwana."

"Basi tutapigana nayo. Tandika."

Ko, ko, ko. Sultani kasimama juu ya kiti, joho kalishika kwa mikono miwili kama mwanamke anayevuka dimbwi. Akatazama dirisha, limejaa watu. Akatazama mlango, umejaa watu. Akajaribu kumeza mate, yakakataa.

"Bwana wangu," akasema Machano pale chini kwa upole, "ulimi unaonja nini?"

"Kikavu," akasema Sultani kabla hajafikiri. "Kinywa kikavu, kama nimelamba shaba."

"Ndiyo ladha yake. Umeinusa, umeisikia, umeionja. Yamebaki macho." Akaliondoa kawa lote, akatoa kioo kilichokuwa kimelazwa kando ya chetezo, akamwinulia.

Sultani akajiona. Macho yamemtoka, ndevu zimesimama, kilemba kimelala sikio moja. Akatazama sana, kama mtu aliyekutana na jamaa ambaye watu humwambia wamefanana.

Hapo Machano akalivuta pazia. Hapakuwa na mkwe. Alikuwa Mize, kapiga magoti ngaziani, kavaa mitalawanda mikononi, anaigonga mbao moja baada ya nyingine, machozi yanamtiririka kwa kicheko alichokifungia kinywani.

Baraza zima halikupumua. Mkono wa Sultani ukaenda kwenye jambia. Machano akaona, na magoti yake, yaliyokuwa chini tayari, yakatafuta mahali pa chini zaidi. Alitetemeka wazi mbele ya watu wote, lakini akasema huku anatetemeka, "Bwana, nikate shingo ukitaka, ila naomba kwanza nijue jambo moja. Amri yako inasema atakayeonekana anaogopa atauhama mji kwa miguu yake na mzigo kichwani. Mzigo wako mkubwa. Nikubebee upande mmoja, tuhame pamoja? Mimi njia ya mpakani nimekwisha iulizia."

Sultani akamgeukia waziri. "Ngwali. Amri inasema hivyo?"

"Bwana, nilikuuliza," akasema Ngwali, shingo yote nje. "Nikasema, awe nani? Ukasema, awe nani."

"Wewe unafikiri nini?"

Ikawa ndiyo siku ile. Ngwali akashika ukuta. Kisha akasema, "Nafikiri, Bwana, kwamba sote tumechoka. Mimi naogopa, mchinjaji anaogopa, askari wako wanaogopa, na tangu amri hii tumekuwa tukiogopa mara mbili: kile tunachokiogopa, na kuonekana tunakiogopa."

Sultani akakaa chini polepole, safari hii juu ya kiti kweli. Mkono ukatoka kwenye jambia. Akasema, "Futa." Ngwali akafuta pale pale, kwa mkono wa kanzu, hakungoja hata kitambaa. Na watu barazani wakashusha pumzi kwa pamoja hata moto wa chetezo ukazimika.

Wakati huo akatoka Bibi Arafa, mke wa Sultani, nyuma ya pazia. Mwanamke huyo alikuwa kavumilia miaka yote ile, mama yake haonekani, mume haonekani, anawaona farasi tu. Akasema, "Mume wangu, mama yuko kwa Bi Mwanatenga. Nimwite, au utakwenda kupigana na bahari?"

Sultani akatazama tena kwenye kioo, kisha akakilaza kifudifudi. "Mwite," akasema. "Lakini mnishike mkono."

Ngwali akashika mmoja, Machano akashika wa pili, na mkono wa Machano ulikuwa na jasho kuliko wake.

Bi Mboja akaja kwa miguu mitupu, kwa kuwa mitalawanda bado ilikuwa mikononi mwa Mize. Kumbe kamwanamke kadogo, mkavu kama ukuni. Shuka imemfunika uso wote. Akaketi kaelekea ukuta, Sultani akageuziwa ukuta mwingine, Arafa akakaa kati.

Watu barazani wakasogea wasikie. 

"Mwambie mumeo," akasema Bi Mboja, "nimekuja kuomba radhi. Miaka hii yote nakuja, na kila nikija yeye yuko vitani, nami nasema, bado ana hasira nami, siku atakayonikuta atanikata mkono."

"Mama, akukate mkono kwa nini?"

"Huu hapa ndio wenye kosa." Akautoa nje ya shuka, mkono mdogo wa mfupa. "Siku ile alipokaa, nilivumilia. Akanyoosha miguu, nikavumilia. Aliposhusha sharubati akapiga mbweu akajiegemeza vizuri, mwanangu, pumzi zilinikatika. Nikamfinya. Kwenye kalio. Nikafinya nikazungusha. Kalio la Sultani. Tangu siku hiyo sijalala."

Arafa akageuka amsogezee mumewe maneno, hakuweza, kicheko kimemshika koo. Lakini Sultani alikuwa kasikia. Mabega yakaanza kumtikisika, watu wakadhani analia. Kisha akageuka mzima mzima, adabu ikavunjika, akamtazama mkwewe usoni, akasema, "Mama, ni wewe? Mimi kwenye vita vyote hivyo nilikuwa nakaa upande. Nilidhani ni jini aliyenifinya, si mama mwenye adabu."

Akacheka. Alicheka kilemba kikaanguka, akacheka joho likafunguka, akashuka kwenye kiti akakaa chini sakafuni akapiga mapaja. Bi Mboja naye akacheka ndani ya shuka, shuka yote inaruka. Ngwali akacheka kwa shingo. Mize ndiye aliyewashinda, alicheka mpaka akajipiga kisogo kwa mtalawanda wa mkono wake mwenyewe.

Sultani alipopata pumzi akamwambia Machano, "Omba utakacho."

"Bwana wangu, mimi kazi yangu kuhudhuria. Naomba kila panapopikwa jumbani nihudhurie. Ila pakiwa na Bi Mwanatenga niwekewe pazia."

Akapewa, na nyumba ya mawe akapewa, mlango wa mbele kwa ajili yake na wa nyuma kwa ajili ya mkwewe. Watu wa Chokaani wakarudi kumwita nyoka kamba, vichaka vikarudi kutikisika wakwe wanapopita, na miji ya jirani ikashangaa mno kuona mwaka unapita hawajavamiwa, wakaleta mbuzi kushukuru bila kujua wanamshukuru nani.

Mimi nimesimulia, na hapa ndipo pumzi zangu zilipofikia. Na Sultani Shekuwe aliishi mpaka uzeeni, haendi vitani tena, anakaa na mkewe na mkwewe. Ila kila alipoonyeshwa takia, hata awe kwake, hata awe amechoka vipi, alisimama mbele yake, akalitolea salamu kwa heshima, akangoja. Takia likinyamaza, ndipo alipokaa.